Nianzie wapi kuielewa imani Katoliki: Nasadiki, Biblia au Amri Kumi?

Mgeni wa Jioni ameuliza:

Ndugu wasomaji, salamu kwenu nyote. Mimi ni mwanamke mtu mzima, nimelelewa katika nyumba isiyofuata dini yoyote, na kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikisoma peke yangu kuhusu Kanisa Katoliki. Sikuja hapa kubishana, wala sijafikia hatua ya kuomba ubatizo. Nataka kwanza nielewe Wakatoliki wanasadiki nini hasa, ili siku nitakapobisha hodi parokiani nijue ninauliza nini.

Kinachonisumbua ni mpangilio. Nilifungua Biblia ukurasa wa kwanza nikiwa na nia ya kuisoma mpaka mwisho. Kitabu cha Mwanzo kilinishika, na nusu ya kwanza ya Kutoka pia, lakini nilipofika kwenye vipimo vya hema na kisha sheria za Walawi nikachoka. Nikarukia Yoshua, nikakuta miji inaangamizwa pamoja na wakazi wake kwa amri inayotajwa kuwa ya Mungu, nikafunga kitabu. Ndipo nikaichukua Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kitabu chake rasmi cha mafundisho, na kwenda moja kwa moja kwenye Amri Kumi, kwa kuwa niliona maadili yangekuwa mlango mwepesi zaidi kwa mtu asiye na dini. Nimetoka humo na orodha ya mambo yanayokatazwa, bila kuujua mzizi wake.

Naomba mnisaidie kwa mambo matatu. Kwanza, kama ingebidi mtu ashike kiini cha imani hii kabla ya mengine yote, kiini hicho ni kipi, na mambo kama Bikira Maria, toharani na Papa yanakaa wapi? Pili, Mkatoliki anaisomaje Biblia, na kwa nini yake ina vitabu vingi kuliko nyingine nilizoziona? Tatu, mafundisho ya maadili yanatoka wapi, na ikiwa dhamiri yangu haikubaliani na jambo fulani, je, ninatakiwa niiweke kando?

Katekista wa Siku Nyingi amejibu:

Tumsifu Yesu Kristo. Mwanangu, nimefundisha wakatekumeni watu wazima, yaani wanaojiandaa kubatizwa, kwa miaka mingi, na karibu kila mwaka nampata mmoja aliyeanzia pale ulipoanzia wewe. Usijilaumu, hakuna aliyekuonyesha mlango.

Iangalie tena Katekisimu uliyo nayo. Ilitolewa na Papa Yohane Paulo II tarehe 11 Oktoba 1992, miaka 30 kamili tangu kufunguliwa kwa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, na aya za Katekisimu zimehesabiwa kuanzia 1 hadi 2865. Maelezo ya Amri Kumi yanaanza kwenye aya ya 2052. Maana yake ni kwamba uliruka aya zaidi ya elfu mbili, na humo ndimo ulimo mzizi unaoutafuta. Mpangilio wa kitabu wenyewe unafundisha: kwanza imani inayokiriwa, pili imani inayoadhimishwa katika liturujia na sakramenti, tatu maisha katika Kristo, nne sala. Kanisa halimwambii mtu atende nini kabla ya kumweleza Mungu amemtendea nini.

Kiini ukitafute mahali pa ubatizo. Kabla ya kubatizwa, mtu mzima humkataa Shetani, kisha huulizwa maswali matatu: kama anasadiki kwa Mungu Baba, Muumba wa mbingu na dunia; kama anasadiki kwa Yesu Kristo Mwanae, aliyezaliwa na Bikira Maria, akateswa, akafa na kufufuka; na kama anasadiki kwa Roho Mtakatifu, Kanisa, ushirika wa watakatifu, ondoleo la dhambi, ufufuko wa miili na uzima wa milele. Hujibu mara tatu: Nasadiki. Kanuni ya Imani ya Mitume ilikua kutokana na maswali ya namna hiyo katika Kanisa la kale la Roma, na ndiyo maana imegawanyika katika sehemu tatu, kwa kuwafuata Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Ukiisoma kama jibu la mtu anayekaribia maji, utaielewa kwa namna tofauti na ukiisoma kama muhtasari wa somo.

Tunasadiki basi kwamba Mungu ni mmoja tu, na kwamba katika umungu huo mmoja kuna Nafsi tatu: Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, si miungu mitatu, wala si majina matatu ya Nafsi moja. Fumbo hili hatukulifikia kwa hesabu. Tulilipokea kwa sababu Mwana alikuja akatufunulia Baba na kutupa Roho. Huko kuja kwake ndiko tunakokuita Umwilisho, na ningependa ukae hapo kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Mwanzoni mwa karne ya 4 padre mmoja wa Aleksandria, aliyeitwa Ario, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, bora kuliko vyote, lakini kiumbe. Maaskofu walikusanyika Nisea mwaka 325 na wakakiri kwamba Mwana amezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba. Unaweza kuuliza kwa nini watu wahangaike hivyo kwa neno moja. Ni kwa sababu wokovu wote ulining'inia juu yake. Kama aliyekufa msalabani ni kiumbe tu, basi Mungu mwenyewe bado yuko mbali, ametuma mwakilishi. Kama ni Mungu kweli, basi Mungu ameingia hata katika kifo chetu. Nasadiki, yaani Kanuni ya Imani tunayoikiri Dominika katika Misa, inabeba maneno ya Nisea pamoja na yale ya Konstantinopoli ya mwaka 381, na tunapofika kwenye maneno ya Mwana kupata mwili na kuwa mwanadamu, waamini wote huinama. Sikuwahi kuona ufafanuzi wa fundisho hilo unaofaa kuliko kuinama huko.

Ukishashika hilo, mambo uliyoyataja yanapata mahali pake. Mtaguso wa Efeso wa mwaka 431 ulimwita Maria Mama wa Mungu, na sababu yake kuu ilikuwa kumlinda Kristo: aliyezaliwa naye ni Nafsi moja, ambaye ni Mungu, kwa hiyo hawezi kuitwa mama wa nusu yake. Tunamheshimu na kumwomba atuombee. Kuabudu ni kwa Mungu peke yake. Sakramenti saba, yaani Ubatizo, Kipaimara, Ekaristi, Kitubio, Mpako wa Wagonjwa, Daraja Takatifu na Ndoa, ni njia ambazo Kristo aliyefufuka anaendelea kutugusa, na Ekaristi, ambamo tunasadiki kwamba yumo yeye mwenyewe kweli, Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliiita chemchemi na kilele cha maisha yote ya kikristo. Toharani ni utakaso wa mtu aliyekufa katika urafiki na Mungu lakini hajawa safi kabisa. Papa, akiwa mrithi wa Petro, anahudumia umoja wa imani hii. Kutokukosea kwake, kulikofafanuliwa mwaka 1870, kunahusu pale tu anapotamka rasmi, kwa Kanisa zima, fundisho la imani au la maadili linalopaswa kushikwa na wote.

Mtaguso huo wa Pili wa Vatikano ulisema, katika hati yake ya mwaka 1964 kuhusu umoja wa Wakristo, kwamba kuna mpangilio wa ngazi katika kweli za imani, kadiri kila moja inavyohusiana na msingi. Zote tunazishika, lakini hazikai zote katikati. Anayeanza na toharani kabla ya Kristo atachoka kama ulivyochoka katika Walawi.

Msomaji wa Zaburi amejibu:

Dada, Mzee Katekista amekujibu la kwanza vizuri sana, nami naomba nilichukue la pili, kwa kuwa niliwahi kukwama palepale ulipokwama.

Nianze na idadi. Biblia tunayoisoma ina vitabu 73: 46 vya Agano la Kale na 27 vya Agano Jipya. Zile ulizoziona zenye vitabu 66 zinalingana nasi kabisa katika Agano Jipya. Tofauti iko katika vitabu saba vya Agano la Kale, yaani Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku, na Makabayo wa Kwanza na wa Pili, pamoja na sehemu za Esta na Danieli zilizotufikia kwa Kigiriki. Wayahudi waliozungumza Kigiriki walikuwa na tafsiri iliyoanzwa katika karne ya 3 kabla ya Kristo, inayoitwa Septuaginta, na Wakristo wa kwanza waliisoma hiyo. Waandishi wa Agano Jipya wanapoyanukuu Maandiko, mara nyingi maneno yao yanafuata Kigiriki hicho. Sinodi za Afrika ya Kaskazini, Hippo mwaka 393 na Karthago mwaka 397, ziliviorodhesha vitabu hivyo pamoja na vingine, na Mtaguso wa Trento ukaithibitisha orodha hiyo kwa tamko rasmi mwaka 1546. Ni haki kusema pia kwamba mjadala ulikuwepo: Mtakatifu Yeronimo, aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, aliegemea orodha ya Kiebrania. Kanisa lilimsikiliza, likamheshimu, na halikumfuata katika hilo.

Vitabu hivyo si nyongeza isiyo na uzito. Katika sura ya 12 ya Makabayo wa Pili, Yuda Makabayo anakusanya fedha na kuzipeleka Yerusalemu ili itolewe sadaka kwa ajili ya askari waliokufa, kwa kuwa alitumaini watafufuka. Sala yetu kwa ajili ya marehemu ina mzizi humo. Na barua kwa Waebrania, inapowakumbuka katika sura ya 11 wale walioteswa wakikataa kufunguliwa ili wapate ufufuko ulio bora, inakumbusha mama na wanawe saba katika sura ya 7 ya kitabu hichohicho.

Sasa namna ya kusoma. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa mwezi Novemba 1965 hati juu ya Ufunuo wa Mungu, inayojulikana kwa maneno yake ya kwanza ya Kilatini, *Dei Verbum*. Ni fupi, nayo ingekufaa kuliko vitabu vingi vya maelezo. Inafundisha kwamba Mungu ndiye mtungaji wa Maandiko, na kwamba wanadamu walioyaandika walikuwa watungaji wa kweli pia, kila mmoja akitumia akili, lugha na mitindo ya wakati wake. Kwa hiyo msomaji hana budi kuuliza: huu ni wimbo, ni sheria, ni simulizi la kifalme, ni mfano, ni barua? Anayeisoma Zaburi kama taarifa ya habari, au Injili kama hekaya, ameshakosea kabla ya kufika mstari wa pili. Pia inafundisha kwamba sehemu moja isomwe katika umoja wa Maandiko yote na ndani ya Mapokeo hai ya Kanisa, kwa sababu ni Kanisa lililoyapokea, likayasali na kuyahifadhi. Mamlaka ya kufundisha ya Kanisa, hati hiyo inasema wazi, haiko juu ya Neno la Mungu bali inalitumikia.

Nikupe mfano mmoja wa umoja huo. Katika sura ya 12 ya Kutoka, Waisraeli wanaagizwa kumla mwanakondoo wa Pasaka bila kuvunja hata mfupa wake mmoja. Ni sharti dogo, linaloweza kupitwa na msomaji mwenye haraka kama vile ulivyovipita vipimo vya hema. Kisha unafika sura ya 19 ya Yohana: askari wanavunja miguu ya waliosulubiwa pamoja na Yesu, lakini yeye hawamvunji, naye Yohana anaandika kwamba ilikuwa hivyo ili Andiko litimie, kwamba hakuna mfupa wake utakaovunjwa. Na katika kila Misa, kabla ya Komunyo, padre anaiinua hostia na kumtaja Mwanakondoo wa Mungu. Uzi ni mmoja, kutoka Misri hadi Kalvari hadi altareni. Hivyo ndivyo Kanisa linavyosoma.

Yoshua ni kigumu, na sitakudanganya kwamba ugumu wake unaondoka wote. Swali lako ni la zamani sana. Katika karne ya 2 mtu aliyeitwa Marsioni aliona Mungu wa Agano la Kale hawezi kuwa Baba wa Yesu, akataka kulitupa agano lote. Kanisa la Roma lilimkataa, kwa sababu Yesu mwenyewe alisali zile Zaburi na kumwita Baba yule Mungu wa Ibrahimu. *Dei Verbum* inakiri kwamba vitabu vya Agano la Kale vina mambo yasiyo kamili na ya muda, na kwamba hata hivyo vinaonyesha malezi ya Mungu, ambaye huwachukua watu walipo na kuwaongoza polepole. Soma Yoshua kisha usome sura ya kwanza ya Waamuzi, utakuta watu wa nchi ile bado wako hai wakiishi pamoja na Israeli. Hilo peke yake linakuonya kwamba simulizi za vita za kale zilikuwa na lugha yake ya ushindi. Orijene, mwalimu mkuu wa Aleksandria katika karne ya 3, aliona kwamba jina Yoshua na jina Yesu kwa Kigiriki ni jina moja, akawafundisha waamini wake kwamba vita inayowahusu wao ni ile ya kuziangusha dhambi zilizomo moyoni. Mimi naegemea hapo, lakini naheshimu anayeendelea kuumia kwa sura zile, maana anaumia kwa sababu Injili imeshamfundisha kitu.

Kuhusu pa kuanzia: acha ukurasa wa kwanza kwa sasa. Anza na Injili ya Marko, yenye sura 16 tu, uisome yote kwa kikao kimoja au viwili. Halafu Luka na Matendo ya Mitume, vilivyoandikwa na mkono mmoja. Kisha rudi Mwanzo na Kutoka mpaka sura ya 20, na kila siku Zaburi moja. Walawi kisubiri, siku utakayokisoma pamoja na sura ya 9 na ya 10 ya Waebrania, zile damu na sadaka zitasema.

Mama wa Malezi amejibu:

Dada, nimevutiwa na jinsi ulivyosema kwamba umetoka kwenye Amri Kumi na orodha ya makatazo, kwa sababu wapo Wakatoliki wa tangu utotoni ambao hawajawahi kutoka na zaidi ya hapo. Kwa ruhusa yako, nirudi kwenye Biblia kwanza.

Amri Kumi zinatolewa katika sura ya 20 ya Kutoka, na hazianzi na neno "usi". Zinaanza hivi: "Mimi ni Bwana, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa." Bahari ilivukwa sura sita nyuma yake. Israeli hawakupewa sheria ili wastahili kukombolewa; walikuwa wameshakombolewa, na sheria iliwafundisha namna ya kuishi bila kuurudia utumwa. Mathayo anafuata utaratibu huohuo: mwisho wa sura ya 4 Yesu anawaponya wagonjwa wa kila namna, na ndipo katika sura ya 5 anapanda mlimani na kutamka Heri. Kwanza mkono unaoponya, baadaye neno linalodai. Katekisimu nayo, kabla ya kuifikia amri ya kwanza, inazungumza kwa kirefu juu ya mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, hamu yake ya heri, uhuru wake, dhamiri, fadhila, dhambi na neema. Ukizisoma amri bila hayo, unasoma alama za barabarani bila kujua safari ni ya kwenda wapi. (Kwa kuwa utakutana na hesabu tofauti: sisi tunafuata mgawanyo wa Mtakatifu Augustino, ambamo "usizini" ni amri ya sita na "usiibe" ni ya saba; madhehebu mengine huhesabu tofauti, maneno yakiwa yaleyale.)

Kupima tendo, mafundisho yetu yanatazama mambo matatu: kitendo chenyewe, nia ya mtendaji, na mazingira. Tendo ni jema pale tu yote yanapokuwa mema. Anayetoa sadaka ili asifiwe, Yesu anasema katika sura ya 6 ya Mathayo, ameshapata thawabu yake. Kitendo kilikuwa chema, nia ikakiharibu. Anayeapa uongo mahakamani ili kumwokoa rafiki ana nia ya upendo, lakini nia hiyo haiubadilishi uongo ukawa ukweli, na aliyedhulumiwa naye ana ndugu wanaomlilia. Mambo yako wazi zaidi yakitazamwa hivyo kuliko kwa kuuliza tu, "Hili linaruhusiwa?"

Sasa dhamiri. Hapana, huambiwi uiweke kando. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliiita patakatifu pa mtu, mahali anapokuwa peke yake na Mungu, ambaye sauti yake inasikika ndani kabisa. Na Katekisimu inafundisha kwamba mtu hana budi kutii hukumu ya hakika ya dhamiri yake. Wengi husimama hapo. Fundisho linaendelea: dhamiri inasikia sheria, haiitungi, na kama sikio lolote inaweza kuzibwa. Inaweza kukosea bila hatia ya mtu, na hapo kosa halihesabiwi juu yake, ingawa baya hubaki baya. Inaweza pia kukosea kwa sababu mtu hakujali kuutafuta ukweli, au kwa kuwa dhambi imekuwa mazoea yake, na hapo anawajibika.

Mfano ninaoutumia siku zote ni mfalme Daudi. Amemchukua mke wa Uria, amempanga Uria afe vitani, na amekaa miezi mingi bila kuonekana kusumbuka. Nabii Nathani hamsomei sheria. Anamsimulia kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja, aliyemlea kama binti yake, na Daudi anawaka hasira na kutoa hukumu ya kifo. Ndipo Nathani anamwambia: "Wewe ndiwe mtu huyo." Dhamiri ya Daudi haikuwa imekufa, iliweza kuona dhuluma vizuri kabisa, ila katika nyumba ya jirani. Zaburi ya 51, ambayo mapokeo yanaihusisha na toba ile, ndiyo sala tunayoisali kila Ijumaa katika Masifu ya Asubuhi. Kwa hiyo, unapogongana na fundisho fulani, usijilazimishe kusema unakubali wakati hukubali, wala usifunge shauri haraka. Uliza fundisho hilo linalinda nini. Jiulize pia kama kuna Nathani yeyote uliyemruhusu kuingia.

Jambo moja zaidi nisingependa ulikose. Watu wakisikia maadili ya Kikatoliki hufikiri mambo ya ndoa na mwili tu. Hayo yamo, na ni mazito, lakini isome tena amri ya saba: utakuta mshahara wa haki, haki ya maskini, matumizi ya mali na utunzaji wa viumbe. Mtume Yakobo, katika sura ya 5 ya barua yake, anasema ujira wa vibarua uliozuiliwa unalia, na kilio kimefika masikioni mwa Bwana. Papa Leo XIII aliisimamia hoja hiyo mbele ya viwanda vya wakati wake mwaka 1891, katika waraka wake juu ya hali ya wafanyakazi, na mapapa waliomfuata wameiendeleza. Mwaka 2018 Papa Fransisko aliibadilisha aya ya 2267 ya Katekisimu, na sasa inafundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki. Mtoto ambaye hajazaliwa, kibarua, mfungwa na mgonjwa asiye na matumaini ya kupona wanalindwa na sababu moja, nayo ni hadhi wasiyopewa na mtu yeyote na ambayo hakuna awezaye kuwavua.

Na kwa kuwa hakuna anayeziishi hizi kwa nguvu zake, Kitubio kipo. Dhambi ya mauti inahitaji mambo matatu kwa pamoja, yaani jambo zito, ujuzi kamili na ridhaa kamili, na hata hiyo huondolewa kwa anayeijutia na kuiungama.

Kimya cha Alfajiri amejibu:

Nakubaliana na waliotangulia, ila ningeanzia mwisho wa Katekisimu kwa mtu ambaye hajazoea kusali. Sehemu ya nne inafunga kwa maelezo ya Baba Yetu, ombi kwa ombi, na katika maombi hayo saba imo imani yote waliyoieleza. Dada, mwambie Mungu unayemtafuta, hata kama huna hakika anakusikia, kwamba unamtafuta. Nenda pia kwenye Misa ya Dominika, ukae nyuma, usikaribie Komunyo, usikilize tu: nusu ya kwanza ni Neno, nusu ya pili ni meza ya Ekaristi. Masomo ya Dominika yanazunguka kwa miaka mitatu, mwaka wa Mathayo, wa Marko na wa Luka, na Yohana husikika hasa katika majira ya Pasaka. Usomaji wa peke yako nyumbani utabadilika ukishasikia Maandiko yakisomwa kwa watu wanaoyajibu.

Mgeni wa Jioni ameandika tena:

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Nimeisoma Marko jana usiku kwa kikao kimoja, na nimeishia na wanawake wanaolikimbia kaburi wakitetemeka, wasimwambie mtu neno. Sikutegemea.

Nina swali moja la mwisho, Mzee Katekista. Nasadiki naielewa sasa kuliko wiki iliyopita, lakini kuielewa si kuikiri. Yapo mambo ambayo bado siwezi kusema "nasadiki" bila kujidanganya. Je, mtu wa namna hiyo anaweza kufika parokiani, au asubiri mpaka maswali yote yaishe?

Katekista wa Siku Nyingi amejibu:

Mwanangu, fika. Utaratibu wa kuwaingiza watu wazima katika Ukristo, uliotolewa upya mwaka 1972, umepangwa kwa kumfikiria mtu kama wewe. Kipindi chake cha kwanza ni cha kuuliza, hakina kiapo chochote, wala muda wake haujawekewa kikomo. Baada yake ndipo unakuja ukatekumeni wenyewe, ambao unaweza kuchukua mwaka au zaidi. Halafu Kwaresima ya mwisho ya kujitakasa. Na sakramenti tatu, Ubatizo, Kipaimara na Ekaristi, hutolewa katika Mkesha wa Pasaka. Hata baada ya hapo kuna majuma ya kuyatafakari mafumbo uliyoyapokea, kwa sababu Kanisa linajua kwamba mengine hayaeleweki mpaka yapokelewe. Mpaka siku ile ya maji uko huru kabisa, na katekista mwaminifu hatakuharakisha.

Katika sura ya 9 ya Marko, uliyoisoma jana, kuna baba mwenye mtoto mgonjwa aliyemlilia Yesu: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumrudisha nyumbani akamalize kwanza ile nusu iliyobaki. Alimponya mtoto.

Tena, siku utakapopokelewa rasmi kuwa mkatekumeni, hutaulizwa kama umeshaelewa yote. Padre atakuuliza unaomba nini kwa Kanisa la Mungu, na jibu lililoandikwa kitabuni ni neno moja: imani.

Mgeni wa Jioni ameandika:

Hilo ninaweza kuliomba bila kujidanganya. Nitakwenda Dominika hii, nami nitakaa nyuma.